Bajeti Isiyorudi Kijijini

Kila mwaka, unapofika wakati wa kutunga makadirio ya fedha, mbiu moja hupigwa katika vijiji zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara. Wananchi huitwa mkutanoni waeleze mahitaji yao, ili yaingizwe katika mpango na bajeti ya halmashauri. Mbiu hiyo hupigwa kwa maneno matamu. Wananchi huambiwa kwamba mpango ni wao, kwamba maendeleo huanzia chini, na kwamba zama za kupangiwa zimepita. Nao huja, husema, huandikwa. Kisha daftari hufungwa, gari la halmashauri huondoka na vumbi lake, na kuanzia saa hiyo mpango ule ulioitwa wao hawauoni tena mpaka mbiu ya mwaka mwingine.

Jambo hili limezoeleka kiasi cha kuonekana kuwa ndiyo desturi ya utawala. Si desturi hata kidogo. Ni kasoro, tena ni kasoro inayolindwa, kwa sababu wapo wanaostarehe kwayo. Ofisa anayejua peke yake ni mradi gani umepitishwa, kwa shilingi ngapi, na ni upi uliofutwa, huyo hana wa kumuuliza. Na ofisa asiye na wa kumuuliza ndiye mangimeza kamili, hata akiwa mpole, hata akivaa fulana ya kampeni ya ushirikishwaji na kuwaita wakulima "wadau".

Sheria katika jambo hili haina kigugumizi. Katiba ya nchi, katika Ibara ya 145 na ya 146, imeweka serikali za mitaa kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, iliyoziunda upya halmashauri za wilaya, imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 au zaidi, kuwa ndio wenye kauli ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25 ni mtumishi wa mkutano huo. Haikuandikwa popote kwamba mkutano mkuu ni mahali pa kukusanyia maoni, kama vile mtu akusanyavyo kuni, halafu mwenye kupika awe mwingine na mwenye kula awe mwingine tena.

Hebu utazamwe mkutano wenyewe jinsi ulivyo katika vijiji vingi. Tangazo hubandikwa mtini au ofisini kwa mtendaji: mkutano saa nne asubuhi. Wanakijiji wa kwanza hufika saa nne kasoro. Wageni kutoka wilayani hufika saa nane. Akina mama wameketi chini juu ya khanga zao, wazee wamepewa benchi la shule, vijana wamesimama pembeni karibu na pikipiki. Jambo la kwanza kushughulikiwa, kabla hata ya salamu kwisha, ni karatasi ya mahudhurio. Huzungushwa kwa uangalifu mkubwa kuliko jambo jingine lolote la siku hiyo. Asiyejua kuandika hutafutiwa wino wa kidole gumba. Ndipo kazi huanza. Akina mama husema maji. Mwalimu mkuu husema nyumba ya mwalimu. Wa kitongoji cha ng'ambo ya mto husema kivuko. Zahanati hutajwa na wote. Mahitaji huandikwa kwenye karatasi kubwa, hupigiwa kura, hupangwa la kwanza, la pili, la tatu. Watu hupiga makofi na kutawanyika jua likizama.

Ile karatasi kubwa hubaki ikikunjwa, pengine husahaulika. Karatasi ya mahudhurio haisahauliki. Hiyo huambatishwa kwenye mpango na kupanda nao, kutoka kijijini hadi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kutoka kata hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Hapo ndipo siri ya mambo ilipo. Kilichokuwa kinatafutwa tangu asubuhi ni sahihi zao.

Kwa nini mpango wao haukufika? Jibu la maofisa ni moja na halina makosa: fedha hazikutosha. Vijiji vyote vya wilaya vikiorodhesha mahitaji yao, jumla yake ni kubwa mara nyingi kuliko fedha zinazotarajiwa, na Wizara ya Fedha inapotoa ukomo wa bajeti, hapana budi kukata. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepinga kukata. Kinachopingwa ni kwamba wananchi huulizwa wanataka nini kabla ya kuambiwa kuna kiasi gani. Hakuna mama wa nyumba anayekwenda sokoni kwa utaratibu huo. Yeye hutazama kwanza fundo la khanga yake, ndipo akachagua kati ya dagaa na nyama. Mwananchi anayeombwa achague bila kujua kiasi hakuchagua kitu. Ameota ndoto hadharani, na ndoto yake imeandikwa katika muhtasari. Anayechagua kweli ni yule atakayekaa na ukomo mkononi, ofisini, mlango umefungwa, na kuamua kwamba kivuko kingoje na nyumba ya mwalimu ingoje.

Haki itendeke hapa. Ofisa mipango wa wilaya naye mara nyingi ni mtu wa kupokea. Ukomo humfikia yeye pia kwa kuchelewa, nao huja tayari umefungwa kwa masharti: kiasi hiki ni mishahara, kiasi hiki ni cha mradi uliokwisha chaguliwa huko juu, kiasi hiki kisiguswe. Gari lake halina mafuta ya kurudi kwenye vijiji vyote alivyozungukia. Lakini udhuru huo unaeleza kwa nini fedha ni chache. Haueleze kwa nini kuwa chache kwake kufanywe siri.

Na siri hii ina historia ndefu. Waingereza walipotunga sheria ya mamlaka za wenyeji katika Tanganyika mwaka 1926, watawala wa jadi walipewa kazi ya kukusanya kodi na hazina za kuitunzia, lakini makadirio ya hazina hizo yalingoja idhini ya wakubwa wa kikoloni. Mkulima alijua siku ya kulipa. Siku ya kutumia haikumhusu. Uhuru ulikuja kuvunja jambo hilo hasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifika mbali zaidi: ulipima maendeleo kwa uwezo wa watu wa kuamua mambo yao wenyewe, hata kabla ya kuyapima kwa shibe. Inasikitisha kukumbuka kwamba mwaka mmoja tu baadaye, 1972, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilivunjwa, kwa mpango uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa la madaraka kwenda kwa wananchi. Kilichokwenda mikoani ni maofisa. Miji nayo ikapoteza halmashauri zake, mpaka kipindupindu na uchafu vikakumbusha kwamba mifereji haisafishwi kwa waraka, na mwaka 1978 zikaanza kurudishwa. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha za wilaya, nazo zikaanza kazi Januari 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Viongozi wanaokiri kosa la namna hiyo wakiwa bado madarakani hawahesabiki kwa vidole vya mikono miwili.

Lakini kurudishwa kwa halmashauri hakukurudisha mfuko wake. Mwaka 1969 kodi ya halmashauri ilikuwa imefutwa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile iliyoitwa kodi ya kichwa, ikafutwa pia. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana kodi hiyo ilikusanywa kwa kufukuzana vichakani. Kodi ya majengo nayo mwaka 2016 ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na kuanzia Agosti 2021 ikaanza kukatwa kupitia luku ya umeme. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu yake. Kwa pamoja zimeleta jambo ambalo halikukusudiwa: mwananchi hulipa bila kukutana na anayelipwa. Mtu anayekatwa kwenye luku usiku wa manane akitafuta mwanga hana dirisha la kuulizia fedha zake zimefanya nini katika mtaa wake. Na halmashauri, ambayo sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Hazina, imezoea kutazama juu inakotoka ruzuku, na kuwapa kisogo walio chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliletwa utaratibu wa kupanga kwa kuanzia kijijini ulioitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Nia yake ilikuwa njema na mafunzo yake yaliwafikia wengi. (Kwamba katika ofisi nyingi ulijulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza kuliko kwa jina lake la Kiswahili, hilo lilikuwa dalili ambayo ingefaa kuzingatiwa mapema.) Kijiji kilikaa kutwa nzima, siku baada ya siku, kikichora ramani yake, kikihesabu visima na mashamba, kikitoka na mpango wa miaka mitatu uliofungwa vizuri. Mpango huo ulipanda. Uliopanda mwaka wa kwanza ulikuwa na kurasa. Uliofika wilayani ulikuwa na mistari. Uliotoka katika makadirio ya mwisho, mara nyingi, haukuwa na jina la kijiji. Utaratibu baadaye umefanyiwa marekebisho, lakini kiungo kilichokosekana ni kilekile: hakuna aliyewajibika kurudi na kusema, hiki kilipita, hiki kilikatwa, na sababu ni hii.

Wapo wanaosema kwamba wananchi hawawezi kuielewa bajeti. Usemi huo husikika zaidi kwenye semina, baada ya chai ya saa nne, na mara nyingi humtoka mtu aliyesomeshwa kwa jasho la hao hao anaowaona wajinga. Bajeti, husema, ina kasma na vifungu, ina mapato ya ndani na ruzuku, ni kazi ya wataalamu.

Msemaji huyo na afike jioni moja kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Atakuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Atasikia hisa zikihesabiwa kwa sauti mbele ya wote, faini ya aliyechelewa ikitajwa kwa jina, mkopo wa kila mwanachama ukisomwa pamoja na riba yake, na salio likirudiwa kwa kinywa na wanachama wote kabla ya kufuli kufungwa, ili wiki ijayo asije mtu akasema lilikuwa jingine. Wengi wa akina mama hao waliishia darasa la saba. Hakuna halmashauri nchini, kati ya 184 zilizopo, inayotoa hesabu kwa uwazi wa namna hiyo kila wiki. Basi na apande basi hadi Mtwara au Lindi wakati wa minada ya korosho. Mkulima atamweleza, bila kutazama karatasi, bei ya mnada wa jana na kila kinachokatwa kwa kilo moja, ukiwamo ushuru wa halmashauri, ambao sheria ya mwaka 2017 iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Mkulima huyo anajua sawasawa kinachoingia. Kinachotoka ndicho alichofichwa, halafu huambiwa hajui hesabu.

Yupo hata ushahidi wa karibu zaidi. Mwezi Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa kutumia Sh. trilioni 1.3, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaenda kujenga madarasa 15,000. Kiasi cha kila darasa kilitangazwa nchi nzima: Sh. 20,000,000/-. Kilisemwa redioni, kilisemwa na wakuu wa wilaya, kilisemwa misikitini na makanisani. Ghafla kila mpita njia akawa mkaguzi. Mzee aliyejenga nyumba yake mwenyewe tofali kwa tofali alisimama mbele ya darasa la shule ya kata na kuanza kuhesabu: mabati mangapi, mifuko ya saruji mingapi, nondo za unene gani, fundi amelipwa kiasi gani. Palipokuwa na ubadhirifu, maneno yalianza kijijini kabla ya mkaguzi wa wilaya hajafika. Watu hawa hawakuwa wamepewa semina ya uhasibu. Walipewa tarakimu moja tu, na tarakimu moja iliyo wazi ikafanya kazi ambayo mikutano ya ushirikishwaji ya miaka 20 haikuifanya.

Au itazamwe mikopo ya asilimia 10. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 Serikali ililazimika kuisitisha mikopo hiyo, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo havijulikani viliko. Mikopo ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tume, kamati na benki zimeshauriwa juu ya namna ya kuvinasa vikundi hewa. Lakini kikundi hewa kinaishi wapi? Kinaishi katika faili. Orodha yake ikisomwa jina kwa jina mbele ya mkutano wa kitongoji, haimalizi dakika tano. Bibi mmoja atauliza huyu ni mtoto wa nani, na mwingine atajibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo tangu tuhamie. Dawa hiyo haigharimu hata senti moja, na pengine ndiyo maana haijawahi kupendwa.

Wako wenye kuona kwamba haya ni mageni, kwamba ushirikishwaji wa kweli katika fedha za umma ni ndoto ya wanasiasa. Mji wa Porto Alegre, kusini mwa Brazil, ulianza kuifanya ndoto hiyo mwaka 1989, Chama cha Wafanyakazi kiliposhika uongozi wa mji. Mji uligawanywa katika kanda 16. Jambo la kuzingatiwa kuliko mengine ni namna mikutano ya mwaka ilivyofunguliwa: kabla mwananchi hajaulizwa anataka nini mwaka ujao, uongozi wa mji ulisimama kwanza na kutoa hesabu ya mwaka uliopita, kazi zipi zilifanyika na zipi hazikufanyika. Kisha wajumbe walichaguliwa wa kufuatilia, na mpango wa uwekezaji ulichapishwa katika kitabu ili kila mtaa uone barabara yake na mfereji wake. Maji na mifereji ya maji machafu ikafika kwenye vitongoji vya makabwela ambavyo miaka yote vilikuwa vikitajwa tu wakati wa uchaguzi. Na yafaa kusemwa pia kwamba Chama cha Wafanyakazi kiliposhindwa katika uchaguzi wa mji huo mwaka 2004, utaratibu uliendelea kwa jina huku nguvu yake ikipungua, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Ulikuwa umeegemea mno nia njema ya walioutawala mji.

Jirani Kenya wameegemea mahali pengine. Katiba yao ya mwaka 2010 imefanya ushiriki wa umma katika mambo ya fedha kuwa sharti, na mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria nzima ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti za Kenya zina matatizo yao mengi, na mikutano yao mingi ni ya kuzungusha karatasi ya mahudhurio vilevile. Tofauti ni kwamba mangimeza wa huko anajua kwamba karatasi hiyo inaweza kuulizwa mahakamani.

Hapa nyumbani, gharama ya siri hii haionekani katika vitabu vya fedha. Inaonekana vijijini, pembezoni mwa barabara, katika majengo yasiyo na paa. Wananchi waliambiwa waanze wenyewe, Serikali itamalizia. Wakafyatua tofali na kuzichoma. Akina mama wakabeba maji na mchanga kichwani. Kila kaya ikatoa mchango wake, na asiyekuwa na fedha akauza kuku. Zahanati ikapanda hadi usawa wa lenta, zamu ya halmashauri ikafika, ya mbao, mabati na vifaa. Mwaka wa kwanza zikangojwa. Mwaka wa pili mvua ikaanza kula tofali. Mwaka wa tatu mbuzi wakapata kivuli. Huku mama mjamzito akibebwa kwa pikipiki usiku kwenda kituo cha mbali, akipita mbele ya jengo ambalo yeye mwenyewe alilibebea mchanga. Serikali imetenga fedha kwa miaka kadhaa kumalizia maboma ya namna hiyo, na mengi yamemalizika. Lakini wanakijiji wa boma ambalo halijaguswa hawajui kama liliingizwa katika bajeti ya mwaka huu, au ya mwaka jana, au halikuingizwa kamwe. Hawajui kama fedha zilitengwa na hazikuja, au zilikuja na zikaenda kwingine. Wakijua kwamba hazikutengwa, watachanga au watangoja. Wakijua kwamba zilitengwa, watadai. Wasipojua, hukaa kimya. Na mara ya pili wakiitwa kufyatua tofali, hawatoki. Ndipo ofisa huandika katika taarifa yake kwamba wananchi wa kijiji hicho wana mwamko mdogo.

Mwamko! Watu hawa hufika alfajiri siku ya mbolea ya ruzuku. Hufika kwenye msiba bila kuitwa mara mbili. Hawafiki mahali ambapo neno lao halihesabiwi, na hilo si ukosefu wa mwamko. Ndiyo akili yenyewe.

Chama hakiwezi kujiweka kando katika jambo hili na kuwanyooshea vidole maofisa peke yao. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, Chama Cha Mapinduzi kilichukua karibu viti vyote vya uenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Vyama vya upinzani vililalamikia taratibu za uchaguzi huo, na malalamiko hayo yana mahali pake pa kujadiliwa. Linalohusu hapa ni kwamba chama chenye mwenyekiti karibu katika kila kijiji, na madiwani walio wengi katika mabaraza, hakina wa kumsingizia. Diwani aliyepiga kura ya kupitisha makadirio ya halmashauri ana nakala ya makadirio hayo nyumbani. Ni madiwani wangapi waliowahi kuifungua nakala hiyo mbele ya watu wa kata yao na kuwasomea kurasa zinazowahusu? Diwani huzunguka kata nzima akiomba kura kitongoji kwa kitongoji, tena kwa miguu. Bajeti ikipita, njia zile zile humwia ndefu.

Kinachotakiwa ni kidogo mno hata inaona aibu kukidai. Ukomo wa bajeti, ukiwa ni wa kukadiria tu, usomwe katika kata kabla vijiji havijakaa kupanga, ili watu wachague wakijua. Na baraza la madiwani likiisha kupitisha makadirio, mtendaji wa kijiji asimame katika mkutano mkuu na kusoma, kwa Kiswahili cha kawaida na kwa shilingi, kijiji kiliomba nini, kimepata nini, nini kimekatwa, na nani alikikata kwa sababu gani. Karatasi hiyo ibandikwe mahali ambapo tangazo la mkutano lilibandikwa. Na kwa kuwa maofisa wanaiheshimu sana karatasi ya mahudhurio, basi iwepo ya pili. Kama ile ya kwanza ni ushahidi wa mpango kupanda, hii iwe ushahidi wa bajeti kushuka, na halmashauri isiyo na sahihi za kushuka isiruhusiwe kupeleka makadirio mengine mkoani. Mijini hali ni mbaya zaidi, maana mtaa hauna hata mamlaka ambayo sheria imekipa kijiji. Lakini mkutano wa mtaa upo, na karatasi ya kubandika ukutani haihitaji mamlaka makubwa.

Watasema italeta ugomvi. Kitongoji cha mashariki kitauliza kwa nini cha magharibi kimepata kisima. Ni kweli, kitauliza. Ugomvi huo upo hata leo, ila unafanyika kwa minong'ono, na kila upande unaamini kwamba mwenzake amehonga. Ukifanyika mkutanoni, mbele ya tarakimu, una mwisho.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kabla ya mwisho wa Septemba kila kijiji kinapaswa kuwa kimekutana angalau mara moja katika mwaka mpya wa bajeti. Ajenda za mikutano hiyo huandikwa ofisini kwa mtendaji, na kwa sehemu kubwa zinafanana nchi nzima: kufungua mkutano, kusoma muhtasari, mapato na matumizi ya kijiji, ulinzi na usalama, mengineyo, kufunga. Bajeti ya halmashauri haimo.